Chelewa, Kioo na Bastola ya Ami

Bastola ya kwanza niliyoiuza ilirudi dukani siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, mikononi mwa mzee yule yule aliyeinunua. Hakuja na ukali. Alitoa salamu, akakaa barazani, akanywa kahawa niliyomtilia, kisha akaniomba chelewa. Nilidhani anataka kuchokolea meno. Nikachomoa moja kwenye ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, nikampa. Akaitoa bastola kwenye gazeti, akafunua kisahani cha baruti, akanionyesha tundu dogo ubavuni mwa mtutu, pale ambapo cheche za gumegume, lile jiwe la kuwashia, hupita kwenda kuwasha baruti iliyo ndani. Akaingiza ncha ya chelewa. Ikagota.

"Hebu jaribu na wewe," akasema.

Nikajaribu. Ikaingia nusu ukucha tu, ikagota chuma. Nikaizungusha, nikasukuma mpaka ikavunjika. Lile tundu lilikuwa limetobolewa juu juu kwa ajili ya macho, halikufika ndani ya mtutu.

"Mwanangu," akaniambia, "bunduki isiyo na njia ya moto haijapata kuwa bunduki hata siku moja."

Hiyo ilikuwa mwaka 2008, nami nilikuwa na miezi michache tu katika biashara ya vitu vya kale hapa Mji Mkongwe. Bastola nilikuwa nimeinunua kwa dalali kwa laki tatu, nikaiuza laki tano na nusu, nikaona Mungu amenifungulia. Dalali aliniambia imetoka katika nyumba moja ya Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, imekutwa darini wakati nyumba inabomolewa. Maneno hayo niliyabeba kama yalivyo nikamkabidhi mteja. Kilichoniuma kuliko fedha ni hicho: nilimwambia mtu mzima jambo nisilolijua, kwa sauti ya mtu anayelijua. Nikamrudishia fedha zake zote. Akazihesabu, akazitia mfukoni, lakini hakuondoka. Akaniambia, "Lete na zile nyengine."

Yule mzee alizaliwa Mkunazini, akaondoka kijana, na maisha yake mengi ameishi Maskati. Nilikuwa na bastola nyengine tatu ndani. Tulikaa nazo mpaka adhana ya magharibi, na nilichojifunza jioni ile ndicho ninachokitumia mpaka leo.

Aliniambia nitazame skrubu kabla ya kutazama pambo. Mtu anayetengeneza bastola ya kuuzia watalii hutia nguvu zake pale jicho linapotua kwanza: maua ya shaba kwenye kitako, nakshi, herufi kubwa. Skrubu haimshughulishi. Zamani skrubu ilichongwa kwa mkono, kila moja na tundu lake, na mfuo wa kichwani ni mwembamba, mara nyingi umekaa upande kidogo. Bastola yangu moja, tulipolifungua bamba la mtambo wa kufyatulia, ilikuwa na skrubu mbili za msalaba zimefichwa kwa ndani. Skrubu za msalaba zimeanza kutumika viwandani miaka ya 1930. Kwa nje bastola ile ilikuwa imeandikwa 1781.

Halafu akanipa kioo cha kukuzia. Ndani ya mtambo wa kweli utaona njia za tupa: mistari midogo, mingine imepishana, jinsi fundi alivyokuwa akipunguza chuma kidogo kidogo mpaka kipande kikae mahali pake. Mimi utotoni nilishika tupa kwa fundi kufuli, kwa hiyo mistari ile niliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko. Ndani ya mtambo wa kusubu, uliomiminwa kwenye kalibu, hakuna mwandiko. Kuna vijidundu kama ganda la chungwa, na ukitafuta vizuri utaupata mshono pale ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Sumaku nayo husaidia, kwa sababu nyingi za mapambo zimesubiwa kwa madini ya zinki na sumaku haizishiki. Lakini usiitegemee peke yake. Ile iliyonitia aibu ilikuwa na mtutu wa chuma safi, sumaku ikaukumbatia.

Kutu si shahidi. Kwetu hapa ukiuacha msumari mpya barazani kipindi cha masika, upepo wa bahari unaufanya mwekundu kabla hujaukumbuka. Kutu ya uzee ni ya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, imeshikana na chuma. Pitisha kidole, kidole kinabaki safi. Kutu ya kulazimishwa kwa chumvi na siki ni nyekundu, inatoka kwenye kidole, na imeenea sawasawa kila pahala, hata pale ambapo mkono ungeisugua kila siku. Hili la mkono ndilo ninalolisisitiza kwa vijana wanaokuja kuniuliza: uchakavu lazima ufuate mkono. Kitako kiwe laini pale kiganja kinapokaa. Mdomo wa mtutu uwe umelika upande ule ule ilipokuwa ikitolewa kwenye ala. Ukiona bastola imechakaa ndani ya mikunjo ya nakshi na ni mpya kwenye kitako, hapo pana mtu aliyekaa na msasa.

Miaka iliyofuata nilisoma kila nilichokipata kuhusu silaha zilizopita katika bandari hii, maana nilitaka kujua kitu gani kingeweza kweli kutoka katika dari la nyumba ya Malindi. Zilipita nyingi mno. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, Wamarekani walipewa ruhusa ya kuuza bidhaa zao, ila bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziliuzwa kwa serikali tu. Katika bandari nyengine za Sultani ziliuzwa bila kizuizi. Kufika mwaka 1888, balozi wa Uingereza aliyekuwa hapa, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zinapita Zanzibar kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilitoka Birmingham kule Uingereza, na Liège, mji wa mafundi bunduki wa Ubelgiji.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ukazuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa gobori za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo wakati majeshi ya Ulaya yalikwisha kuhama kutoka gumegume kwenda fataki, kile kijikofia kinacholipuka kikigongwa, na kutoka fataki kwenda risasi za ganda, mafundi wa Ulaya walikuwa bado wanafua gumegume kwa soko letu. Jambo hili lilinibadilisha namna ya kutazama. Gumegume iliyoshuka bandarini miaka ya 1890 ni silaha ya kweli kabisa, ilishindiliwa kwa mdeki na ikalia. Lakini muuzaji akikuapia kwamba ni ya vita vya Napoleon, amekudanganya miaka themanini, na pengine yeye mwenyewe hajui.

Neno TOWER pamoja na taji limewaponza wengi hapa mjini. Asili yake ni alama ya silaha za serikali ya Uingereza, zilizopita katika ghala la Mnara wa London. Wafanyabiashara wakaona neno lina soko, wakalipiga kwenye bunduki za kuuzia Afrika. Mafundi wa Liège nao wakaliiga. Na siku hizi liko kwenye kila bastola ya mapambo. Silaha iliyokuwa ya jeshi huwa na kijishale kidogo chini ya taji, alama ya mali ya serikali, na muhuri wenyewe umezama ndani ya chuma kwa pigo moja la nyundo. Pitisha ukucha ukingoni mwa herufi. Herufi iliyogongwa ina ukingo mkali, na chuma kimeinuka kidogo pembeni yake. Iliyosubiwa pamoja na bamba ni ya mviringo, laini kama sabuni iliyokwishatumika.

Niliwahi kuonyeshwa bunduki ya mtindo wa Kiingereza iliyotengenezwa katika milima ya mpaka wa Pakistan na Afghanistan. Mji wa Darra Adam Khel umejulikana kwa kazi hiyo toka zamani, na mikono ya mafundi wale ni ya kuheshimiwa. Lakini fundi asiyesoma Kiingereza huichora herufi kama anavyochora ua. Kwenye bunduki ile N ilikuwa imegeuka nyuma mbele, na chini ya taji paliandikwa V.R. na mwaka 1907. Herufi hizo ni za Malkia Victoria, naye alifariki Januari 1901.

Tarehe mara nyingi husema kabla chuma hakijasema. Kijana mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha kwenye simu: bastola ndefu yenye mpini kama wa ufagio, Mauser C96, ndivyo alivyoiita, akasema babu yake aliipata kwa Wajerumani katika vita vya 1914. Nikamwomba picha ya upande wa kushoto. Mauser ile imeundwa kama fumbo la mbao, vipande vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na skrubu pekee ni ile ya kubana mpini. Picha aliyoileta ilionyesha bamba refu la kuteleza ubavuni. Hiyo ni alama ya Astra 900 ya Hispania, ambayo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1920, hasa kwa soko la China. Silaha nzuri, imetengenezwa kwa ustadi, lakini vita vya 1914 vilikwisha kabla haijazaliwa. Nilimwandikia hivyo kwa upole, na nikamwambia jambo la kwanza ni kituo cha polisi. Hakunijibu.

Hilo la polisi nalisema bila kuzunguka. Silaha, hata iwe ya babu wa babu, hata iwe imeziba kwa kutu, haina mahali pa kuuzwa barabarani wala kupitishwa bandarini ndani ya begi. Mimi mwenyewe niliacha kununua na kuuza silaha za aina yoyote miaka mingi iliyopita. Watu huniletea nitazame tu: wanataka kujua walicho nacho.

Hivyo ndivyo ami yangu wa Pemba aliponiita.

Yeye ni ndugu mkubwa wa marehemu baba, anakaa Wete, na tokea tulipokuwa wadogo tulijua kwamba katika kasha lake kuna "Kolti", yaani bastola ya Colt ya Marekani. Hatukuiona. Tuliisikia tu. Babu yake aliinunua kwa Wamarekani, ndivyo ilivyosimuliwa, wakati wa safari za bara, akarudi nayo Pemba akapanda mikarafuu. Mwaka 2019 ami alipata ugonjwa, akapona, na alipopona akataka mambo yake yote yajulikane kabla hajafa: mashamba, madeni, na Kolti.

Nilifika msimu wa karafuu, uwanja mzima umetandazwa mikeka. Ami alifungua kasha, akavuta droo ya chini, akatoa kitu kilichofungwa katika kanga kuukuu. Nikamuuliza kabla sijanyoosha mkono.

"Ami, kituoni wanaijua hii?"

"Wanaijua toka mabwana shauri," akasema, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaisoma, nikamrudishia. Ndipo akafungua kanga.

Nilisogea nayo dirishani. Mtutu wa pembe nane. Silinda ya matundu sita, kila tundu na chuchu yake ya fataki kwa nyuma. Mbili zilikuwa zimekatika. Kitako cha mbao kimekuwa cheusi, na upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapolala, pamebonyea kidogo na kung'aa. Ilinukia mafuta ya nazi, maana bi mkubwa alikuwa akiipaka kila mwaka kabla ya masika. Uchakavu ulifuata mkono. Kutu ilikuwa ile ya kuiva. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu umbo lilikuwa lenyewe, Kolti ya Navy, ile iliyotolewa mwaka 1851.

Juu ya mtutu kulikuwa na maandishi. Nikapumulia chuma kikapata umande, herufi zikajitokeza: COLT BREVETE.

Kolti iliyotoka katika viwanda vya Samuel Colt mwenyewe huandikwa anwani yake juu ya mtutu, ya New York, ya Hartford au ya London, alikokuwa na kiwanda kwa miaka michache ya 1850. Brevete ni neno la Kifaransa, maana yake yenye hataza, ile haki ya mvumbuzi juu ya kitu alichokibuni. Nikaigeuza silinda polepole kwenye mwanga, nikatafuta kwa kioo, na nyuma yake nikaupata muhuri mdogo kama punje ya mchele: duara la yai, ndani yake E, L, G na nyota. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège. Juu ya yai lile hapakuwa na taji. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo silinda ile ilipimwa kabla ya hapo.

Mtoto wa ami, ambaye usiku kucha yuko kwenye intaneti, akauliza kama haiwezi kuwa zile za Italia. Swali zuri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 mafundi wa Italia wametengeneza Kolti za Navy zinazopiga kweli, na nyengine huzeeshwa kwa makusudi. Lakini Mtaliano hufuata sheria yake: utaona herufi PN na nyota, maana yake baruti nyeusi, na kijisanduku chenye namba za Kirumi au herufi mbili za mwaka. AA ni 1975. Mwenye nia mbaya huzifuta kwa tupa, na anapozifuta hubaki bonde dogo ambalo utalihisi kwa kidole hata kama halionekani. Tulipitisha vidole vyetu sote wawili. Hapakuwa na bonde. Palikuwa na namba 47, ndogo, kwenye mtutu, kwenye fremu, kwenye silinda, na kwa ndani ya kitako. Vipande vyote vilizaliwa pamoja.

Ami alikuwa ametulia, tasbihi mkononi. Akauliza, "Basi ni ya Marekani au siyo?"

"Siyo, ami. Imetengenezwa Ubelgiji."

"Bandia."

Neno lile alilitamka taratibu, na nikaona uso wake unavyoshuka. Hapo nilijua kwamba ujuzi wangu wote wa skrubu na tupa hautakuwa na maana kama sitaweza kueleza jambo hili moja sawasawa.

Nikamwambia kuna kitu cha asili, kuna cha leseni, kuna nakala, na kuna bandia, na sisi madukani tunavichanganya vyote. Colt alikuwa na hataza ya mashine yake, na aliwauzia baadhi ya mafundi wa Liège ruhusa ya kuitengeneza. Hao walipiga neno lile kwa haki. Wengine wakalipiga bila kumuuliza mtu. Leseni inakaa kwenye makaratasi, haikai kwenye chuma, na ukizilaza mbili pamoja mezani hutazitofautisha kwa jicho. Jambo kama hilo liliikuta Bulldog ya Webley, bastola ya Kiingereza ya mwaka 1872: haikupita muda nchi tatu nne zinaitengeneza, mtindo ule ule, jina lile lile. Lakini zote hizo, za leseni na za kuiga, zilikuwa silaha za kazi za wakati wake. Liège hapakuuzwa mtutu kabla haujapimwa kwa kutiwa baruti kuliko kiasi chake, ukipasuka, umekwisha, ukivumilia, unapigwa muhuri. "Hii ilivumilia, ami. Muhuri huu hapa." Bandia ni ile niliyomuuzia mzee wa Maskati, ambayo haikutengenezwa ipige, ilitengenezwa isimuliwe.

Nikampa kioo. Alikaa muda mrefu akiitafuta ile punje ya mchele, mkono unamtetemeka, mwanawe akamshikia silinda. Alipoipata akasoma herufi moja moja, kama mtoto wa chuoni.

"Na babu alijua?"

Nikamwambia babu alinunua bastola nzuri kwa watu waliokuwa wakiuza bastola, katika bandari ambayo silaha za Liège zilikuwa zikishuka kwa makasha. Neno Colt liko juu yake, na yeye alilisoma kama lilivyo. Ami akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia mwanawe alete daftari.

Niliandika nusu ukurasa: bastola ya silinda, risasi sita, ya fataki, mtindo wa Colt wa 1851, imetengenezwa Liège, Ubelgiji, kabla ya 1893, namba 47, chuchu mbili zimekatika. Ami akalichukua, akalisogeza mbali na macho, akasoma mpaka mwisho. Akaomba kalamu. Chini ya maandishi yangu akaandika mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa rika lake, akatia jina la babu yake. Akaikunja karatasi ile pamoja na ile ya polisi, akaziweka juu ya bastola, akafunga kanga, akamwita bi mkubwa alete mafuta ya nazi kwani masika yalikuwa yanakaribia.